Taa ya Kileleni

Kwanza ngome. Wageni nawaambia ukweli:
ni ya saruji, ina lifti, msishangae.
Ila mawe ya ukuta wa nje, hayo yaguseni.
Hakuna udongo uliowekwa kati yake,
yamebanana tu
kama mawifi waliochoka kugombana.

Kisha Dotonbori: kaa mkubwa juu ya mlango
anachezesha miguu mchana kutwa,
na vitumbua vya pweza, vya moto. Pulizeni, nawaonya.
Hawapulizi.
Miaka tisa nawatembeza watu Osaka,
sijampata hata mmoja aliyepuliza.

Jioni ni Shinsekai, mnara wa Tsutenkaku.
Aliye juu hungojwa chini,
na wa kungoja ni mimi, na mikoba yao.
Leo kijana mmoja akageuka ngazini:
"Bi Chizuru, huko juu kukoje?"

Nikameza mate.
Nimezaliwa mtaa wa tatu kutoka hapa.
Taa ya kilele imenisomea mbingu tangu utotoni:
nyeupe, jua; ya chungwa, mawingu;
ya samawati, toa nguo kambani.
Kupanda, sijapanda.

Akanikatia tiketi.

Nilitafuta paa letu, sikulijua.
Nilichokijua ni godoro,
lile la maua ya zambarau,
limelala kwenye roshani tangu asubuhi,
na upande wa bandari wingu zito linakuja.

Nikainua macho niiulize taa.
Dari.
Wao wanapiga picha,
mimi nabonyeza kitufe cha lifti, nabonyeza.