Paneli ya Nne

Bosi alitaka Ijumaa iwe tayari:
daftari moja ndani ya kompyuta,
kila fundi aandike, kila fundi afute.
Mali bila daftari huisha bila habari,
nikamtafsiria. Akadhani nasema pesa.

Sheffield, mvua ya Novemba, karakana ya lifti.
Nilifungua kurasa arobaini, zote tupu,
nikazipa majina: Breki. Kamba. Milango Inayogoma.
Wiki nzima hakuna aliyezigusa
ila mtu mmoja, aliyeandika: chai imekwisha.

Ujuzi wote alikuwa nao Desmond Hallam,
miaka thelathini na mmoja, anastaafu kesho,
mikono mifukoni.
"Kuandika? Njoo usikilize."
Basi nikamfuata kwenye maghorofa ya manispaa,
ngazi kwa ngazi, simu ikirekodi,
na usiku nikaandika alivyosema:
Lifti ya Upperthorpe ikikwama kwa baridi,
ipige kofi paneli ya tatu. Kwa heshima.

Asubuhi, tatu imefutwa. Nne.
Chini yake jina la Kieran, mwanagenzi,
miezi mitano kazini, ndevu bado ahadi.

Karakana ikanyamaza.
Desmond akavaa miwani, akasoma, akasoma tena,
akavuta kiti changu.
Kidole kimoja, kama anayepapasa swichi gizani:
Ni ya nne. Walibadilisha mlango. Nilisahau.
Halafu, kwa kuwa kiti kilishapata joto,
akafungua ukurasa wa Breki.

Keki yake tuliikata saa kumi na moja
bila yeye.