Kugawa kwa Themanini na Saba

Jumamosi, saa tisa, Kamalondo, nyuma ya karakana ya Tshilomb.
Tuko watano na viti vinne.
Watoto thelathini wanakuja likizo kubwa:
tuwafundishe nini, na kwa reli ipi?

Mzee Kapend anataka waanze na bendera.
"Asiyejua kusimamisha treni asipewe ya kuendesha."
Masengo, mwalimu wa hesabu, anataka waanze na kipimo;
ameshaandika kwa chaki kwenye mlango wa bati:
1 kwa 87.
Tshilomb anataka koleo, waya wa shaba, makopo,
na anauliza nani atanunua plasta za vidole.
Numbi mweka hazina anataka waanze na ada.

Mimi ni katibu. Naandika yote.
Nikifuta, nafuta kwa penseli, ili kionekane kilichofutwa.

Tuna kichwa kimoja cha treni kilichotoka Ubelgiji ndani ya soksi,
na kingine cha kopo la maziwa ya unga,
kinachovuta kuliko kile cha soksi.
Tuna kituo cha kadibodi. LUBUMBASHI, kwa njiti ya kiberiti,
ila SHI ilikosa nafasi ikapinda ukutani.
Umeme ukikatika treni inasimama popote ilipo
na Kapend anasema hilo nalo ni somo,
tena halina gharama.

Masengo anapiga hesabu: Likasi, kilomita mia na ishirini,
kwa kipimo chetu meza ingetoka hapa mlangoni
ikaenda kuishia soko la Kenya, katikati ya wauza vitunguu.
Meza yetu ni mita tatu.
"Basi tutadanganya," anasema. "Wiki ya pili:
kudanganya umbali kwa adabu."
Likasi itakaa pembeni, karibu na kiwiko cha Numbi.

Kisha akasema, nipeni urefu wa mtu, tujaribu.
Nikataja bila kufikiri:
mita moja na sentimita sabini na nne.
Ni wa baba. Ulikuwa kwenye kitambulisho chake cha kazi,
chini ya picha, nusu yake imeliwa na muhuri.
Chaki ikalia kwenye bati.
Sentimita mbili. Kamili. Hakuna baki.

Baba, aliyekuwa akirudi kutoka zamu ya usiku
na harufu ya mafuta mazito ikatangulia kuingia,
ikatuamsha sote, ikabaki kwenye mapazia:
sentimita mbili.
Ukucha wa kidole gumba.

Mujinga, binti wa Tshilomb, miaka tisa,
alikuwa chini ya meza akikunja waya. Hakualikwa.
Akauliza kutoka huko chini: "Na mshahara?"
Mshahara gani?
"Ule babu alikufa anaungoja. Nao tunaugawa?"

Hakuna aliyecheka.
Tshilomb alitazama koleo lake kama la mtu mwingine.
"Mimi nadai miezi thelathini na sita," Kapend akasema,
na Masengo, mkono ukimtangulia, akaugeukia mlango, akagawa:
siku kumi na mbili na nusu hivi.
"Siku kumi na mbili," Kapend akasema,
"ningengoja bila kunung'unika."

Programu imepita. Bendera kwanza, mzee ameshinda.
Ada imefutwa kwa penseli.
Wiki ya tatu nimeiacha wazi,
nimeandika tu: Mujinga aulize.

Usiku, kwa taa ya simu, nilikunja waya.
Kofia ni bati la kopo la dagaa.
Mguu mmoja umezidi, sikuweza kuurekebisha,
kwa hiyo amesimama jukwaani Likasi
ameinamia reli kidogo
kama mtu aliyesikia kitu.