Inabeba Kilo Ngapi

Duka la Wiebe linanuka grisi na mvua.
Tjitske amesimama baina ya mbili
kama mtu aliyealikwa karamu mbili siku moja.

Hii nyepesi, waiinua kwa kidole,
gia ishirini na moja, usukani umejikunja
kama pembe za kondoo dume.
Jumamosi itamfikisha kwenye tuta la bahari
na kumrudisha viazi havijaiva.

Hii nyeusi, nzito kama deni.
Gia tatu. Breki ya kukanyagia nyuma.
Keria pana, madigadi, kengele yenye kutu
inayokohoa badala ya kulia.

“Groningen haina mlima,” asema Wiebe.
“Mlima wetu ni upepo.”
Na upepo wa saa mbili kasorobo,
siku ya mtihani wa kemia,
haumjui mwenye gia ishirini na moja.

Anazijaribu zote, hadi mferejini na kurudi.
Nyepesi yamchora mstari wa tope
toka kiunoni hadi kisogoni.
Nzito inakwenda tu.

Hata hivyo macho yanazirudia zile pembe.
Moyo hautiwi kufuli.

Kisha anamkumbuka Jorrit,
mguu kwenye plasta, kitivo kimoja naye,
anayechechemea kila asubuhi na kusema hajambo.
Anaipiga keria kwa kiganja
kama anayechagua tikiti maji.
“Inabeba kilo ngapi?”

Wiebe anatazama dari.
“Mmoja. Wawili, wakivumiliana.”

Euro tisini.
Nje kengele inakohoa mara moja;
njiwa hawasogei.