Halifai, Halifai

"Halifai, halifai," nilisema,
nikiligeuza zulia kwa ncha ya kiatu
kama mtu anayegeuza mzoga.

Soko la Jumamosi, Gyumri, theluji imeshakuwa tope.
Mama Paytsar amekalia ndoo iliyopinduliwa,
glavu zake hazina vidole.
"Limefifia," nikasema. Halikufifia.
"Nondo wamelila." Tundu moja, dogo kama punje ya mtama.
"Na mafundo yake, mama, ni ya mkono wenye haraka."
Hapo ndipo nilipoiba,
maana nilikuwa nimekwisha kuyahesabu kwa kidole gumba
upande wa chini, huku nikizungumza habari za baridi,
na moyo ukinidunda kama wa bwana harusi.

Alitaka dramu laki mbili.
Nikacheka, nikaenda zangu hatua nne.
Kila mchuuzi anazijua hatua nne;
ya tano ni ya mjinga.
Akaniita katika ya tatu.
Elfu arobaini. Akazitia ndani ya soksi,
akalipapasa zulia mara moja tu,
kama amfungaye mtoto vifungo vya koti siku ya kwanza ya shule.

Wanasema kizuri chajiuza.
Uongo. Kizuri hakina mdomo.
Mdomo ulikuwa wangu, na siku ile niliukodisha.

Nyumbani nikasukuma sahani, nikalitandaza mezani.
"Tazameni! Wekundu huu ni wa mizizi, si wa kiwanda!
Majoka haya yalifumwa babu yangu hajaota ndevu!
Yerevani watanipa milioni, na asante juu!"
Ndugu yangu Hrant akanigongea gilasi.
Mke wangu akarudisha macho kwenye supu.
Nvard, miaka saba, mkate mdomoni, akauliza:
"Baba, na yule mama ulimwambia hivyo?"
"Biashara, mwanangu."
"Basi umemdanganya nani, yeye au sisi?"

Kwa wiki tatu alilizunguka zulia
kama watu wanavyozunguka dimbwi.
Sikulipeleka Yerevani.
Sisemi ni wema. Nilichoka kuangaliwa.

Nikamtafuta. Anakaa nyuma ya stesheni,
ndani ya kontena la chuma lenye bomba la moshi.
Hakunifokea. Aliteleka kahawa.
Nikaweka bahasha mezani, akazihesabu noti polepole,
akilamba kidole, akianza upya alipokosea.
"Laki moja na sitini. Na zile arobaini. Hizi ni za zulia," akasema,
kisha akanyamaza kama aliyebakiza kitu cha kudai.

Chini ya mlango, kuzuia upepo,
kulikuwa na kipande kirefu, chekundu.
Kingine alikilalia mbwa.
Kingine, kimeungua ukingoni, cha kushikia mlango wa jiko.
Nikaliona joka, nusu yake, limekatwa shingo.

"Pacha wake," akasema. "Mama alifuma mawili,
moja langu, moja la marehemu dada.
Uliposema lile halifai, nikajua na hili halifai.
Wewe ni mtu wa kazi hiyo, ungenidanganya kwa nini?
Nikachukua mkasi wa jikoni."

Kahawa ilipanda, ikamwagika, hakuna aliyeinuka.

"Nilimsema vibaya mama yangu," akaendelea.
"Wiki tatu, kila nikifunga mlango.
Nilimwambia: kumbe ulikuwa na haraka."

Bahasha ilikuwa pale mezani, nene, imenyooka.
Sikuwa na noti ya deni lile.
Nikapiga magoti kwenye bati baridi,
nikakivuta kipande cha mlangoni, upepo ukaingia,
nikakipindua, nikaweka kidole gumba kwenye fundo la kwanza,
nikaanza kuhesabu kwa sauti.
Moja. Mbili. Tatu.
Nilipofika mia sijamaliza upana wa kiganja,
na yeye amefumba macho,
anasikiliza
kama mtu anayesomewa barua.