Kilomita Zisizohesabiwa

Mita iliganda kwenye laki moja themanini na saba elfu,
mia nne na kumi na mbili,
nikitoka sokoni Kibaigwa na magunia mawili ya mahindi
na shangazi mmoja.
Fundi Ndahani akasema ni waya, waya tu, njoo kesho.
Kesho hiyo ina miaka sita.

Basi Korona yangu haizeeki.
Ninayezeeka ni mimi, ndani yake.

Leo asubuhi amekuja dalali, viatu vimechongoka.
Amezunguka mara mbili, amegonga tairi
kama mtu anayechagua tikiti,
ameinama dirishani, akaisoma ile namba, akatabasamu.
"Mama Nyemo, hii bado mbichi."

Mbichi.

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nahesabu.

Nkuhungu hadi Mtumba, kwenda na kurudi, kila siku ya kazi,
vumbi jekundu likipenya mlango wa nyuma
usiofunga mpaka uusukume kwa nyonga.
Hombolo, kumpelekea mama dawa za presha;
mama hukaa nyuma, kushoto,
na kila nikiwasha, kile kidude cha Kijapani kikitamka yake,
yeye huitika, "Mbukwa, mwanangu,"
maana salamu ni salamu.
Mwaka ule wa ugonjwa jina la gari likageuka tusi,
watoto wa mtaa wakiziba pua tukipita.
Kreti za zabibu kwenye buti. Moja ilipondeka,
na hadi leo, jua la Oktoba likiwaka,
tunanuka divai kama watu wa kanisani.

Kisha usiku ule wa Februari, korongo la Nzuguni.
Wanasema jina la mji huu ni kudidimia,
eti tembo alizama.
Tembo simjui.
Najua saluni ya rangi ya fedha, maji yamefika vitasani,
Nyemo kando yangu ameshika tumbo la miezi tisa
na mimi naapa kwa lugha mbili.
Vijana wanne wa bodaboda walitutoa.
Mmoja aliacha kandambili; ninayo, chini ya kiti,
huenda akaiulizia.
Mjukuu anakwenda darasa la kwanza Januari.

Na Manyoni.
Nilikwenda na mume, nikarudi na begi lake.
Kilomita mia na ushee, usiku,
na mita kimya. Nayo iliona bora isiandike.

Nikamwambia dalali: mita imekufa. Ongeza laki nzima, pengine na zaidi.
Akakuna shingo. Akashusha milioni moja na nusu palepale.
"Mama, si ungenyamaza tu?"
Nikauchukua ufunguo kiganjani mwake.

Nikaketi. Nikawasha.
Kidude kikasema maneno yake; injini ikakataa.
Nikarudia. Ikakataa.
Jirani Mheta akaacha kumwagilia mchicha, akaja nyuma,
na dalali naye, sijui kwa aibu au kwa mazoea,
akaweka mikono kwenye buti.
Gia ya pili. Nikaachia klachi.
Ikakohoa, ikaruka kidogo, ikawaka.

Kwenye kioo nilimwona amesimama katikati ya barabara,
viatu vyekundu tupu,
anacheka.

Mia nne na kumi na mbili.
Nikakata kona kuelekea Hombolo. Dawa za mama zinaisha kesho.