Sikio la Kushoto

Orodha imetoka leo, Desemba, theluji ya kwanza Etyek:
watu kumi waliotajwa kuliko wote mwaka huu
katika filamu za mazimwi na vyombo vya anga.
Zsombor anaisoma kwa sauti, kijiko mkononi,
supu yake ya maharage inapoa,
na sisi wa chumba cha vipodozi tunabishia kila jina
kana kwamba kuna aliyetuuliza.

Wa kumi: Tamsin Okell, miaka tisa,
sauti ya roboti aliyeogopa giza.
Mpwa wangu amelala na taa tangu Juni kwa ajili yake.
Haya, apewe.

Wa saba: Marguerite Deschênes, mwandishi,
aliyemuua joka kipenzi cha watu
bila kumwachia hata neno la mwisho.
Alitukanwa kwa lugha arobaini.
Nilimwona siku moja nje ya ghala la mavazi
akila tufaha, nyama na kokwa,
mtu mdogo, koti la kuazima,
hafanani na muuaji wa chochote.

Wa pili: Ottilie Farnham, malkia wetu.
Hapo nilinyamaza.
Saa kumi alfajiri, siku mia moja arobaini na sita,
nimembandika masikio yaliyochongoka:
silikoni laini kama ulimi wa ndama,
gundi kwa brashi, pumzi nimeibana,
kila siku jozi mpya, maana jioni kingo huchanika
na enzi haivai viraka.
Dunia ilijadili mchumba wake, mshahara wake, viatu vyake.
Mimi najua hukoroma kitini,
na siku alipopigiwa simu kuhusu baba yake
alifumba macho, akasema,
"Endelea, Emőke. Bado la kushoto."

Wa kwanza. Zsombor akaweka kijiko chini.
Alun Prosser.
Marehemu.

Alikufa Machi, mchawi wetu mzee,
nusu ya maneno yake hajayasema.
Kompyuta ikamsemea.
Ikachota sauti huku na kule, ikafinyanga uso,
ikamsimamisha juu ya mnara ahutubie majeshi.
Wakagombana mawakili, wakagombana maaskofu:
maiti hulipwa? Ruhusa ilitoka kwa nani?
Binti yake alilia kwenye televisheni;
kaka wa binti ndiye aliyetia saini.
Mimi sijui. Mkono wangu umezoea gundi,
haujazoea mizani.

Ila nilikwenda kumtazama, peke yangu, safu ya tatu,
koti likinitiririka maji magotini,
na alipogeuza kichwa kuelekea mwezi
nikalitafuta sikio.

Mbwa wa jirani alimng'ata utotoni huko Wales,
kipande cha punje ya mahindi kikaenda na mbwa.
Siku yetu ya kwanza nilikwisha andaa nta, nimeipasha vidoleni,
nikainama kuziba.
Akanishika kiganja.
"Acha, binti. Mchawi aliyeishi miaka mia tisa
lazima kuna kitu kimewahi kumng'ata."
Tangu hapo nilimbandika ndevu na nyusi tu,
na kila jioni nikizibandua
alikuwa akiligusa lile pengo kwa kidole,
kama mtu anayehakikisha funguo zimo mfukoni.

Juu ya mnara sikio lilikuwa zima.
Sauti yake, ndiyo. Mikunjo yake.
Hata kikohozi walikikumbuka.
Lakini sikio zima, jipya, la mtu
asiyewahi kukimbizwa na mbwa.
Ukumbi ulikuwa unalia. Nyuma yangu mwanamume
alikuwa akipenga kamasi kwa haya.
Nami nikawa nahesabu kingo.

"Unasemaje, Emőke?" Zsombor ananiuliza. "Anastahili?"
Nani, nataka kumjibu, yupi kati yao?
Naomba chumvi.

Kesho saa kumi malkia anarudi, msimu mpya.
Nimepanga jozi zake juu ya taulo.
Ile nta ya siku ile bado imo kwenye droo,
ngumu sasa, ndogo,
ina alama ya kidole changu.