Ionekane ni Watu

Saa nne kasorobo asubuhi, mjini Brno,
barafu imeganda kwenye nyaya za tramu,
na Radovan wa mauzo anapita meza kwa meza
na sinia la keki za mbegu za mpopi.
Akikukaribisha anainama, sauti ya chini,
kama mtu anayedai deni la aibu:
"Saa tano kamili. Msitumie intaneti ya ofisi.
Tokeni mmojammoja, kila mtu na simu yake.
Na msibonyeze kwa pamoja, jamani, pishaneni kidogo,
ionekane ni watu."

Tulikuwa watu. Kumi na saba, pamoja na mpishi.
Keki nilikula. Ilikuwa tamu, hilo sidanganyi.

Bidhaa ilikuwa inazaliwa siku hiyo:
mlinzi wa hifadhidata, asiyelala, asiyesahau.
Sifa hizo niliziandika mimi,
mimi niliyemwona akizirai mara tatu mbele ya mteja,
na mara ya nne akaziangukia nakala za akiba
akafa nazo.

Kuna orodha ya habari ambayo wahandisi huifungua
kabla hata ya kutia maji kwenye birika.
Haina mhariri. Wasomaji hupandisha,
wasomaji hushusha, basi.
Asubuhi ile, nikiwa bado na soksi moja,
nilisoma humo habari ya Ľudmila Hrušková wa Košice:
majira mawili ya baridi ameyatumia
kutengeneza kijizana cha kuunga mafaili yaliyoraruka,
naye anakitoa bure.
Nilikijaribu. Kiliniunganishia picha za harusi
nilizokwisha kuzililia.
Alikuwa na kura nne.
Nikasema nitampa yangu nikifika kazini.

Saa tano ikatukuta tumetapakaa mjini:
Zdislava wa hesabu kwenye ngazi za kanisa,
Květoslav kituoni, anaziacha tramu zipite,
Bohdana, mwanagenzi, amepanda namba nne
ili abonyeze akiwa mwendoni,
mimi mlangoni pa duka la soksi za kike,
muuzaji ananitazama kwa huruma.
Vidole gumba kumi na saba, vyekundu kwa baridi.
Na kura mia mbili nyingine, alizonunua bosi
kwa mtu asiye na uso,
kwa bei ya godoro.

Saa sita tulikuwa wa tatu duniani.
Radovan akapiga makofi, akafungua chupa.
Ľudmila akateremka, akateremka,
hadi pale ambapo hakuna jicho linalofika.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Ni kweli. Lakini kibaya hakina miguu.
Siku ile nilitazama chini
nikaona viatu vyangu.

Usiku, nyumbani, sahani zimeoshwa,
nikamtafuta Ľudmila hadi nikampata.
Nikabonyeza.
Nne.
Nikafunga, nikafungua tena. Nne.
Nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango
huku akisikia redio ndani.
Ndipo nikaelewa: walinzi wa orodha wametubaini,
hawakutufukuza, hawakutukemea,
wameziacha kura zetu zipigwe
zisihesabiwe.
Bidhaa yetu nayo haipo tena juu. Haipo popote.
Kidole changu kimekuwa mzimu:
kinagusa, hakuna kinachoguswa.

Kura moja tu ya kweli niliyokuwa nayo mwaka mzima.

Vlasta amelala chumbani.
Simu yake iko mezani, karibu na chumvi, inachajiwa.
Namba ya siri naijua, ni tarehe ya harusi yetu.
Najiambia hii ni tofauti,
hii ni haki, huyu mama anastahili,
ni kura moja tu,
na kwamba itaonekana

ni mtu.